Jino la Sikio

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Sikio alichukua kijiko akagonga kikombe chake cha bati. Aligonga mara moja tu, ukingoni, pale rangi ilipobanduka, kisha akatulia akitazama ukuta. Mkewe alishalizoea jambo hilo kama mtu anavyozoea mume anayekoroma. Miaka ya mwanzo ulikuwa mchezo wa mtu mwenye kazi ya masikio, na kikombe kilimjibu ngiii, ndefu na nyembamba, mpaka alipokishika kwa kidole. Baadaye ile ngiii ikaanza kufupika. Sasa aligonga, akasubiri, na kilichomfikia kilikuwa kama mtu anayebisha hodi nyumba ya tatu.

Hakumwambia mtu. Alikirudisha kikombe mezani polepole, kama chenye chai ndani, akatoka kwenda kazini.

Kazi yake ilikuwa kugonga reli. Kutoka stesheni, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho huku kaskazini, hadi darajani ni kilomita nne. Alikwenda na nyundo ya mpini mrefu akigonga reli ya upande wa mashariki, na kurudi akagonga ya magharibi, kipande kwa kipande. Reli nzima hulia. Reli yenye ufa, hata ufa uwe mwembamba kama unywele na umejificha tumboni mwa chuma, hukohoa. Watu wa njia walisema hivyo hivyo tu: inalia au inakohoa, hakuna la tatu.

Akirudi na njia ni nzima, alitundika kibati. Kibati kilikuwa kipande cha bati chenye tundu, ukubwa wa kiganja, na msumari wake ulikuwa dirishani kwa stesheni masta. Stesheni masta akikiona, alizungusha mkono wa simu, akaiambia stesheni ya nyuma neno moja: "Kipo." Hapo treni iliruhusiwa kuja. Msumari ukiwa mtupu, treni haisogei, hata awe amepanda mkubwa gani.

Kabla ya reli, huku palikuwa na nyumba kumi na moja, kisima kimoja cha maji ya chumvichumvi, na duka lililofunguliwa siku mwenye duka anapojisikia. Kufika kulichukua siku kumi na tisa, na waliofika hawakuwa wote walioanza safari. Ardhi ilikuwa tele, nyekundu, ya kulimika, lakini nani aende kulima mahali ambapo mahindi yake yatazeekea ghalani? Reli ilipofika, mambo yakageuka. Kila treni ilishusha watu, na kila mwenye familia alipewa hati ya shamba. Mti wa kupasua mbao haukuwapo, kwa hiyo watu walikuja na milango yao. Mawe na udongo wangevikuta huku huku, ila mlango ulipaswa kutoka kwenu. Siku ya treni, jukwaa la stesheni lilijaa milango iliyoegemezwa ukutani, ya kijani, ya bluu, mingine bado ina komeo, na watoto walikuwa wakiifungua na kuifunga bila nyumba.

Sikio alikuja kabla ya milango yote hiyo. Alikuja kijana, na gengi lililotandaza njia, akibeba begani mataruma ya kulazia reli, wawili wawili na mwenzake. Walipofika kwenye mlima, wakaambiwa hauzungukiki, lazima ukatwe kwa baruti. Kila siku walitega baruti kumi na mbili, wakakimbia, na mtu mmoja akabaki karibu nyuma ya jiwe kuhesabu milipuko. Ikilia kumi na mbili, gengi linarudi kazini. Ikilia kumi na moja, hakuna anayesogea, maana moja bado inalala. Mhesabuji alikuwa yeye. Hata milipuko miwili ilipopishana kwa pumzi tu, aliitenganisha. "Ni kumi na moja," alisema siku moja, na nyapara akabisha, wakavutana, na wakiwa bado wanavutana ile ya kumi na mbili ikalipuka mbele yao. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita jina lake. Akawa Sikio, akapewa nyundo, akapewa nyumba ya reli ya vyumba viwili, akaoa.

Hakuna aliyefikiria kwamba milipuko ile aliyoihesabu nayo ilikuwa inamhesabia yeye.

Mkewe alijua. Mwanzoni alidhani ni kiburi, kwamba bwana huyu anaitwa halafu hageuki. Siku moja Sikio alikuwa amechuchumaa uani akiosha miguu, mke akasimama nyuma yake na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Punda wee." Sikio akaendelea kuosha miguu. "Punda mwenye masikio ya mapambo." Sikio akasugua kisigino. Mke akarudi ndani akakaa kitandani, na kicheko alichokuwa amekiandaa akakisahau. Hakumuuliza. Alianza tu kuzoea kuzunguka na kusimama mbele yake kabla ya kusema neno.

Kilichomwokoa Sikio kilikuwa jambo la bahati. Alikuwa ameinama njiani akifunga kamba ya kiatu, na nondo fupi ya kuchokolea kokoto ameibana kwa meno ili mikono iwe huru. Ncha ya nondo ikagusa reli, na mbali kule toroli ya gengi ilikuwa inapita. Akaisikia. Aliisikia ndani ya kichwa, wazi, magurudumu yote manne. Akabaki ameinama kamba mkononi, mate yakimchuruzika, kama mtu aliyeitwa na mama yake.

Tangu siku hiyo alifanya kazi kwa jino. Aliuma nondo kwa gego la juu la kushoto, ncha akaiweka juu ya reli, akagonga kwa nyundo kando yake. Reli nzima iliimba fuvuni mwake kuliko ilivyopata kuimba masikioni. Mwezi wa pili tu akakamata ufa karibu na daraja, gengi likabadilisha reli, na sifa zake zikapanda. Lakini kuinama mara mia tatu na zaidi kila asubuhi si mchezo, na nchi tambarare haina siri.

"Naambiwa unaibusu reli," nyapara alimtania siku moja mbele ya gengi.

"Naangalia nati."

"Kwa midomo?"

"Macho yangu hayaoni karibu."

"Sawa, bwana harusi. Ila reli ni mali ya serikali. Ukiizalisha, watoto si wako."

Wakacheka, naye akacheka, sekunde moja baada yao, kwa kuwa alikuwa anasoma midomo.

Mambo yangekwenda hivyo miaka. Lakini kaka yake aliandika barua kwamba kule kwao shamba limekuwa dogo kama mkeka, na kwamba amesikia habari za hati, ila mkewe anaiogopa treni. Sikio alimwomba stesheni masta amwandikie majibu. Stesheni masta akachovya kalamu, akamuuliza aandike nini kuhusu usalama, na Sikio akasema maneno yaliyomtoka kabla hajayapima: "Mwandikie njia ni nzima. Naisikiliza mwenyewe kila siku."

Kaka akajibu kwamba wanakuja. Yeye, mkewe, watoto watano, na mlango wa mama.

Siku mbili kabla ya treni hiyo, jino likaanza.

Kwanza lilimchoma akinywa maji. Siku ya pili fizi ikavimba, na alipouma nondo, maumivu yakapanda mpaka jichoni, akalazimika kuketi juu ya taruma. Usiku mkewe alimpa maji ya moto yenye chumvi asukutue.

"Sukutua, usimeze. Wewe kila kitu unameza," alimwambia, akiwa amesimama mbele yake. "Kesho nenda kang'oe."

"Halitang'olewa."

"Mtu mzima unaogopa koleo?"

Akasukutua tena. Mwanamke yule alikuwa anafua nguo zake, aliona meno ya mume wake yalivyoacha alama kwenye ile nondo, na aliona nondo ilivyolala kila siku mfukoni pamoja na leso. Aliunganisha mwenyewe.

"Ndilo hilo unalosikilizia," alisema.

Sikio alitema maji kwenye beseni. Yalikuwa na damu kidogo.

"Na kesho shemeji yuko ndani ya treni," mkewe akasema.

"Kesho shemeji yako yuko humo ndani."

Walilala migongo imegusana, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake yuko macho.

Asubuhi aligonga kikombe. Hakikusema kitu. Akaondoka.

Upepo ulikuwa umeamka kabla yake na ulikuwa unavuta vumbi jekundu kuvuka njia. Gego la kushoto halikugusika hata kwa ulimi. Upande wa kulia gego la juu halikuwapo, lilikwenda zamani na mfupa wa mbuzi. Akajaribu meno ya mbele. Yalileta kitu, lakini kitu chenye ukungu, kama kuangalia mtu kupitia chandarua. Aligonga reli ya kwanza mara tatu ili tu azoee. Ya pili mara mbili. Jasho lilimtoka kwapani ingawa kulikuwa na baridi, na kila alipoinuka aliitazama stesheni ikiwa bado karibu mno.

Alifika kwenye mkato wa mlima, pale pale alipokuwa akihesabu milipuko. Kuna reli moja katikati ya kona, ya mashariki. Akauma nondo, akagonga. Mtetemo ulikuja ukakatika.

Akagonga tena. Ukaja, ukakatika. Au ni fizi iliyoukata? Akafuta nondo kwa leso, akauma vizuri, akajilazimisha kwa gego lenyewe, na maumivu yakalipuka kichwani hata asijue kilicholia ni chuma au ni yeye. Akapiga magoti. Akapitisha ukucha juu ya reli, pembeni, chini kwenye kitako, sentimita kwa sentimita, akitafuta mahali ukucha utakwama. Haukukwama. Lakini ufa unaoonekana si ufa wa kuogopwa. Akakaa juu ya visigino, upepo unampiga kisogoni, akamfikiria yule mke wa kaka yake anayeiogopa treni, ambaye sasa hivi labda anawapa watoto mkate na kuwaambia wasichungulie dirishani.

Alimalizia hadi darajani. Alirudi na reli ya magharibi. Akipita kwenye mkato akaigonga tena ile ya mashariki, na jibu lilikuwa lile lile: hakujua.

Stesheni masta alikuwa tayari dirishani, mkono juu ya simu, kofia imenyooka kichwani. Jukwaani mke wa Sikio alikuwa amesimama na kitambaa kipya begani. Sikio akaja mpaka kwenye msumari na kibati kikiwa mkononi. Bati lilikuwa limepata joto la kiganja chake.

"Haya, tundika," stesheni masta akasema, kisha akaona hatundiki. "Vipi?"

"Kuna reli moja pale kwenye mkato. Sina uhakika nayo."

"Inakohoa?"

"Sina uhakika."

Stesheni masta alivua miwani. Katika miaka yote hakuwa amewahi kulisikia jibu hilo. Akamwita nyapara, na nyapara akaja anatafuna.

"Sina uhakika ndiyo nini?" nyapara akauliza. "Reli inalia au hailii. La tatu limetoka wapi?"

"Twende ukaigonge mwenyewe."

Simu ikazungushwa, na safari hii neno lilikuwa refu zaidi. Kule stesheni ya nyuma, treni yenye watu mia mbili na milango yao ikapunguzwa moto, ikakaa.

Walikwenda kwa toroli, nyapara, vijana wanne wa gengi, na Sikio aliyekaa nyuma akiwa ameshika nyundo kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa. Njia nzima alikuwa anaomba mambo mawili yasiyopatana. Aliomba reli iwe nzima, na aliomba iwe mbovu.

Nyapara alishuka, akaichukua nyundo, akagonga. Sikio aliwatazama vijana wa gengi usoni. Wote wanne nyuso zao zilitulia kwa namna moja, na mmoja akatingisha kichwa akitabasamu. Nyapara akagonga mwanzo wa reli, katikati, mwisho. Akainuka.

"Inalia kama kengele ya shule," akasema, taratibu, akimwangalia. "Sikio, geuka."

"Nigeuke wapi?"

"Geuka tu. Tazama mlima."

Akageuka. Mbele yake kulikuwa na ukuta wa jiwe, na mashimo ya baruti yangali yanaonekana, meusi, moja moja. Alijua kinachokuja. Angeweza kusema "inalia" na pengine ingekuwa kweli. Hata ikibainika nyapara hakuigusa reli, angeweza kucheka na kusema alikuwa anatania. Daktari wa reli alipokuja mwaka uliopita kupima masikio kwa saa yake ya mfukoni, Sikio alimpita hivyo hivyo, kwa kubahatisha, kwa sababu daktari aliinua nyusi kila alipoisogeza saa sikioni. Jiwe halikuwa na nyusi.

Kivuli cha nyapara kilikuwa nyuma, hakukiona. Upepo ulipita. Muda ukapita ambao nyundo inaweza kupanda na kushuka.

"Haya," nyapara alikuwa amezunguka akasimama mbele yake. "Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu," Sikio akasema. "Sisikii. Ni mwaka wa pili sasa."

Mpaka leo hajui kama nyundo iliigusa reli ile.

Nyapara aliketi juu ya reli yenyewe, kofia magotini.

"Na ule ufa wa karibu na daraja?"

"Niliusikia kwa jino."

Kijana mmoja akacheka, akakuta yuko peke yake, akaacha.

"Kwa jino," nyapara akarudia. "Na leo?"

"Leo jino linauma."

Nyapara alitazama njia ilivyopinda kwenda kusini. "Mimi nimepanda hiyo treni," alisema. "Mke wangu alijifungulia kwenye hiyo treni, kilomita mbili kutoka hapa. Ulikuwa wakati wa masikio au wa jino?"

"Wa masikio."

"Mshukuru Mungu," nyapara akasema, na haikueleweka ni nani anayeambiwa.

Kibati alikitundika nyapara.

Treni iliingia imechelewa kwa saa tatu, polepole, mabehewa yanayumbayumba na kuchoka. Ikapita juu ya reli ile kama inavyopita juu ya nyingine zote. Sikio alisimama jukwaani akiutazama moshi, na mpaka behewa la mwisho lilipokatiza kona hakuvuta pumzi yenye maana. Kisha milango ikaanza kushuka. Watu wakapokezana mizigo madirishani, kukawa na kishindo cha mbao na miguu, vilio vya watoto na kuku waliofungwa miguu, lakini yeye aliona midomo tu.

Mkewe akamgusa bega, akamgeuza. Kaka yake alikuwa nyuma yake, amemwita huenda mara nne, mikono imefunguliwa, mvi zimemjaa kidevuni. Wakakumbatiana, na mkono wa kaka ukampiga mgongoni kama zamani.

"Mdogo wangu, mbona umevimba shavu? Umepigana?"

"Jino, kaka."

"Tulikaa pale tukasubiri, watu wakaanza kuogopa. Wanasema njia imekatika, wengine wanataka kushuka." Kaka alikuwa anaongea kwa furaha, uso karibu na uso. "Nikasimama nikawaambia, jamani, anayesikiliza njia hii ni mdogo wangu wa tumbo moja, nina barua yake hapa. Nikawasomea. Basi, behewa zima tukalala. Hata shemeji yako huyu mwoga alilala."

Mke wa kaka akatabasamu kwa haya. Mke wa Sikio akatazama chini.

Sikio akawaomba wamsubiri, akaingia ofisini. Nyapara alikuwa ameshasema yote, maana stesheni masta alikuwa amesimama, na alikuwa anaongea akitamka kila neno kwa midomo mipana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nyumba ya reli mna siku thelathini kuihama," akasema. "Ningekupa bendera pale kwenye kivuko cha barabara, usimamishe watu treni ikija. Lakini kivuko nacho kinataka mtu wa kusikia treni."

"Kinataka."

"Ungeniambia, bwana. Miaka yote hii mimi nazungusha simu nasema kipo, kipo."

Sikio aliiweka nyundo juu ya meza. Akaitoa nondo mfukoni, akaifuta kwa leso, akaiweka kando ya nyundo, ingawa ile haikuwa na hesabu kwenye kitabu chochote cha reli. Stesheni masta aliziona alama za meno. Akaigeuza nondo kwa kidole kimoja.

Jukwaani mlango wa mama ulikuwa umeegemezwa peke yake, wa kijani iliyopauka, na chini una alama pale walipokuwa wanaupiga mateke utotoni. Shamba la kaka lilikuwa mwendo wa saa mbili kaskazini, mbali na njia, ambako hakuna hata reli moja ya kusikiliza. Sikio aliinama akashika upande wa chini. Kaka akashangaa.

"Na kazi? Si uko kazini?"

"Nyanyua, kaka."

Wakaunyanyua, kaka mbele, yeye nyuma. Alipouinua, shavu lake lisilovimba likagusa ubao, na kila hatua ya kaka ikamjia mfupani, moja, mbili, nzito, sawa. Wanawake na watoto wakafuata na mizigo. Nyuma yao injini ilipiga honi ya kugeuza, ndefu, na watu wote waliokuwa jukwaani wakageuka kuitazama. Mtu wa nyuma kwenye mlango hakugeuka. Walivuka njia pale kwenye kivuko, wakashika barabara ya vumbi, na stesheni masta, aliyekuwa bado dirishani, aliendelea kuuona mlango ule wa kijani mpaka ukawa mdogo kama kibati, kisha hakuuona tena.